Dawa ya Kuchua Si ya Kunywa

Siew Moi alichekecha mchanga wa bati mtoni, maji yakimfika kiunoni. Mumewe, Loi, alichimba bati kwenye mgodi wa jirani, nje ya mji wa Ipoh. Magoti yalimuuma sana. Basi Siew Moi akamnunulia dawa ya mizizi kwenye duka la Bwana Chong.

Bwana Chong alianza kwa kutembeza mizizi migodini. Sasa alikuwa na maduka sita, na alikuwa amewajengea wazee nyumba ya kuwatunza. Watu walimwamini.

Loi alikunywa kijiko kimoja tu. Ulimi ukafa ganzi. Akatapika, akaanguka. Majirani wakambeba mbio hadi hospitali.

"Amekunywa nini?" aliuliza muuguzi, Bi Fong.

Siew Moi akatoa chupa.

"Vizuri umekuja nayo. Lakini hii ni ya kuchua! Ikiingia tumboni ni sumu. Imeandikwa hapa."

"Sijui kusoma."

"Basi uliza kabla ya kununua. Ya kunywa au ya kupaka? Kiasi gani?"

Loi alilazwa siku nne, akapona. Siew Moi hakungoja apone. Alikwenda dukani na matope yake miguuni, akaibamiza chupa mezani.

"Ulitaka kuniulia mume!"

"Mama, tulia. Imeandikwa 'Usinywe'."

"Umemwandikia nani? Nani mgodini anajua kusoma? Picha yako umeiweka kubwa kwenye chupa, mashavu yamejaa! Neno la kuokoa mtu umelibana pembeni!"

Wateja wakacheka. Bwana Chong akawaka. "Usinitukane dukani kwangu! Mimi nalisha wazee arobaini!"

"Walishe! Na sisi utuue kabla hatujazeeka?"

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Chong akaisogeza chupa karibu na macho. Hata yeye alisoma kwa shida. Akawageukia wauzaji wake.

"Nani alimuuzia bila kumweleza?"

Wauzaji wakatazamana.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikuwafundisha."

Picha yake ikaondolewa kwenye chupa. Mahali pake pakachorwa mdomo mwekundu uliokatwa kwa mstari. Wauzaji wakaanza kumweleza kila mteja. Na nyuma ya duka, Bwana Chong akafungua darasa la kusoma, bure.

Siew Moi alikuwa wa kwanza kujiandikisha, bado amenuna.

"Sikuja kukushukuru," alisema.

"Sijakuomba. Kaa, usome."

Mwaka uliofuata, jirani wa Siew Moi alikuwa akimnywesha mtoto dawa ya kikohozi, kijiko kimejaa. Siew Moi akamdaka mkono.

"Weka chini! Mtoto ni robo kijiko!"

"Nani kakwambia?"

Siew Moi akaweka kidole chini ya maandishi ya chupa, akasoma kwa sauti, neno moja moja.