Timu Isiyofungika

Msichana wa kazi alikataa kufua jezi.

"Mama, kuna moja inapumua," alimwambia Mwongeli, amesimama mbali na beseni.

Mwongeli alicheka, akainama mwenyewe. Jezi za timu ya mume wake zilikuwa nyekundu zenye namba mgongoni. Moja haikuwa na namba. Ilikuwa imelowa jasho, vuguvugu kama imevuliwa sasa hivi, na ilinuka udi uliochanganyika na nywele zilizoungua.

"Baba Yvonne, hii ni ya nani?"

Kiilu alikuwa sebuleni akitazama mechi ya jana kwenye simu kwa mara ya tatu. "Ya timu. Wacha nione goli, mama."

Walikuwa wameshinda. Kwa Kiilu hilo lilikuwa jambo kubwa. Marehemu baba yake, mzee Mutiso, alimwachia duka la hardware pale Matiliku, kinu cha kusaga, malori, na shamba la maembe lililoteremka hadi mtoni. Timu aliianzisha mwenyewe, na ilikuwa ikifungwa msimu baada ya msimu mpaka watu wa soko wakaitungia nyimbo. Wiki ile ya nyuma, walipofungwa tena kule Kanyangi, alibaki peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akapiga ukuta ngumi.

"Nimechoka!" alipiga kelele. "Chukueni chochote changu, bora tushinde!"

Nyuma ya mlango wa bafu mtu alijibu polepole, "Haya."

Kiilu aliusukuma mlango. Bafu lilikuwa tupu, sakafu kavu. Akajiambia ni mchezaji anamtania, akaenda nyumbani.

Sasa walianza kushinda. Jioni ya ule ushindi wa kwanza majani ya maembe yalijikunja, na kufikia Jumatano shamba zima lilikuwa jeusi, ingawa hakuna aliyeona moto. Waliposhinda tena, lori likaanguka kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe. Dereva alitoka salama, akasema kuna mtu mwenye viatu vya kuchezea mpira alikaa kando yake na kuushika usukani. Waliposhinda tena, hardware ikaungua.

Kocha Hamisi, mtu wa Kitui mjini, alimvuta Kiilu pembeni.

"Bosi, nikisimama pale kando nahesabu vijana wangu," alinong'ona. "Kuna wakati wanazidi."

"Unaniambia mimi nifanye nini?"

"Wewe ndiye mwenye timu."

Mchungaji aliitwa pamoja na waumini wake, wakaiombea nyumba nzima mpaka sauti zikakauka. Waliposema amina, ndani ya dari filimbi ililia, ndefu, kama ya kumaliza mechi. Mchungaji aliisahau Biblia yake mezani na hakuirudia.

Kiilu alishikwa na hasira ya mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje. Kabla ya kucheza na timu ya vijana wa Tulia, aliwakusanya wachezaji wake. "Leo mfungwe," aliwaambia. "Anayefunga goli namfukuza."

Vijana walijaribu. Kipa Musyimi alisogea kando kabisa, akaacha goli wazi, na mpira ukabingirika polepole kuelekea wavuni, kisha ukasimama juu ya mstari, nyasi zimelala pande zote kana kwamba mguu umeukanyaga. Halafu ukarudi. Ulipita katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, vumbi dogo likiruka kando yake hatua kwa hatua, ukaingia goli la Tulia.

Jioni hiyo jiwe la kinu lilipasuka. Malori yaliyobaki yalichukuliwa na benki.

"Mali imeisha," Mwongeli alimwambia mumewe, aliyekuwa amemsimulia ile sauti ya bafuni. "Sasa atachukua nini?"

Walijua kesho yake. Binti yao Yvonne, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alilala kwenye kochi mchana akashindwa kuamka. Nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu la uwanjani. Miguu yake ilirusha mateke, na mdomoni mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume: "Pasi! Nipe pasi!"

Fainali ilikuwa Kitui Jumamosi. Asubuhi hiyo Hamisi aliwapeleka kwa shangazi yake, Bi Mwanamisi, mwanamke mfupi aliyejua kuzungumza na majini. Alifukiza ubani, akaweka kiganja kwenye paji la Yvonne.

"Umeitwa na nani?"

"Na mwenye timu," ile sauti ikajibu. "Akitaka, nacheza. Nikicheza, nalipwa. Amebakiza huyu."

"Mimi nilisema tufungwe!" Kiilu alifoka.

Sauti ikacheka. "Ulisema kwa mdomo."

Kiilu alimgeukia mganga. "Basi tusiende uwanjani!"

"Atawangoja, na huyu mtoto hatangoja," alisema Bi Mwanamisi. "Ulimwita kwenye mchezo, mfukuze kwenye mchezo, mbele za watu. Na umaanishe, baba. Huyo hasikii maneno, anasikia roho."

Uwanja ulijaa. Mwongeli alikaa kwenye benchi, Yvonne mapajani mwake amefunikwa leso, Bi Mwanamisi kando yao. Timu ya Kiilu ilifunga mapema. Kila iliposhambulia, pumzi ya Yvonne ilipungua. Kila mpira ulipopotea, ilirudi kidogo. Kiilu alisimama ukingoni, na hapo jukwaa zima likaanza kuimba jina lake, watu wale wale waliomcheka miaka yote, na mdomo wake ukafunguka lakini neno halikutoka, kwa sababu mshambuliaji wake alikuwa anakimbia peke yake kuelekea goli, na nyuma ya bega la Kiilu udi na nywele zilizoungua vilinuka kwa karibu mno, mtu akihema pamoja naye, akingoja, na mikono ya Kiilu mwenyewe ilikuwa imeanza kupanda juu kushangilia.

"Kiilu!" Mwongeli hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Mtoto hapumui!"

Aligeuka, akauona uso wa binti yake. Akaingia uwanjani mbio.

"Toka!" alilia. "Sikutaki! Toka kwa timu yangu, tufungwe, tufungwe hata kumi!"

Refa alipuliza filimbi. Watu walicheka, wakamzomea. Kisha kimbunga cha vumbi kikainuka katikati ya uwanja, kikapita juu ya benchi la wapinzani na kuliangusha, kikavunja bango la nyuma ya goli, na kwenda zake kusikokuwa na watu.

Mechi ilipoendelea, miguu ya vijana ilikuwa mizito. Walifungwa moja, mbili, tatu.

Yvonne alifungua macho. "Mwaitu," alimwita mama yake, "nina kiu."

Mwongeli alimnywesha maji huku akilia na kumshukuru Mungu. Bi Mwanamisi aliitikia kwa kichwa. "Ameenda."

Mwongeli alikimbia kumtafuta mumewe. Alimkuta amekaa chini karibu na mstari, uso kwenye mikono, mabega yakitikisika.

"Baba Yvonne, ameamka! Mtoto ameamka!"

Kiilu aliinua macho mekundu, akamtazama kama mtu asiyemfahamu vizuri.

"Wangeongeza dakika kidogo tu," alisema. "Tungesawazisha."

Mwongeli alimpa kisogo. Kisha akarudi kwenye benchi, akamshika binti yake mkono, na wakatoka uwanjani wawili bila kumngoja.