Mama Mkwe Kwenye Kiti Changu cha Mashine

"Mke nitapata mwingine. Mama sina mwingine."

Aliyesema hivyo ni mume wangu wa ndoa... mbele ya manesi na wagonjwa wenzangu, mimi nikiwa nimeegemea mlango wa chumba cha kusafishia damu, miguu imevimba hata kandambili haziingii!

Tulieni niwaeleze, maana najua kuna watu humu wameshaanza kuandika "achana naye".

Naitwa Evelyne, nakaa Bagara, hapa hapa Babati. Figo zangu zilikufa baada ya kumzaa binti yangu Noela. Naishi kwa mashine. Ukikosa mara moja unaumwa, ukikosa wiki unaanza kuaga.

Kituo chetu ni kidogo, na kila kiti kina mwenyewe. Manesi wake wana mikono myepesi, siwezi kuwasingizia. Ila wana mazoea mabaya: wanaongea na msindikizaji, mgonjwa anaangaliwa tu. Mwanamke akiwa na mume, mume ndiye anayeulizwa. Hata namba ya simu kwenye faili langu ilikuwa ya Sadock. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, nani angeshangaa?

Mwaka huu mama mkwe naye figo zikamwishia. Akateremka kutoka Mbulu, akafikia kwa wifi yangu kule Singe kusubiri kiti.

Na kiti hakipatikani hivi hivi. Mpaka mtu afe, ahame, au apewe figo.

Sadock alimpeleka hospitali Dodoma, kule wanakopandikiza figo. Waliporudi nikamuuliza daktari kasemaje.

"Kasema asubiri tu."

Basi, Jumatatu moja Sadock akaniambia mtambo wa kuchuja maji ya mashine pale kituoni umeharibika, hakuna huduma mpaka fundi aje kutoka Arusha. Nikaamini, maana uliwahi kuharibika kweli. Zamu yangu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita... ya tatu nayo. Uso ukavimba. Nikawa nalala nimekaa, nikijilaza tu pumzi inakata. Nikamwomba anipeleke hata Arusha.

"Vumilia, Mama Noela. Fundi yuko njiani."

Na ananiwekea mto mgongoni, jamani. Taratibu kabisa, kama mtu anayekupenda.

Ndipo Consolata akanipigia. Huyu ndiye jirani yangu wa kiti, tunasafishwa damu tukipiga umbea.

"Hongera mwenzangu! Mungu amekutendea."

"Ya nini?"

"Si ya figo? Mumeo ametuambia kaka yako amekupa figo Dodoma. Tumepiga makofi humu mpaka nesi Anjela akalia."

Mimi sina kaka. Kwetu tumezaliwa wasichana watupu. Lakini nani pale kituoni aliwahi kuniuliza?

"Consolata... mashine hazijaharibika?"

"Ziharibike lini? Mimi niko kwenye mashine sasa hivi."

Sikumbuki nilikataje simu. Jirani aliniitia bajaji, wakanipakia kama gunia la mbaazi.

Nikaingia mle ndani nikishika ukuta. Kwenye kiti changu, kile cha dirishani, amekaa mama mkwe... mpira shingoni, damu yake inazunguka kwenye mashine. Sadock yuko pembeni anampepea.

Mama alinitumbulia macho kama ameona mzuka.

"Evelyne? Si uko Dodoma? Nimekutolea misa ya shukrani, mwanangu."

Hapo nikajua. Mama wa watu naye alidanganywa.

Nesi Anjela akamgeukia Sadock, akamuuliza si yeye aliyesema mke wake amepona. Ndipo bwana akatoa lile neno lake. Mke nitapata mwingine.

Mama mkwe ndiye aliyemjibu, na wala hakupandisha sauti.

"Na Noela naye atapata mama mwingine?"

Sadock akainamisha kichwa.

"Waambie, baba. Waambie daktari wa Dodoma alisemaje."

Mama akasema mwenyewe.

"Walimpima. Figo yake inanifaa. Akaniambia anaogopa kisu." Akamgeukia mwanawe. "Una figo mbili, Sadock. Ukaona heri utoe kiti cha mwenzako."

Kisha akamwambia nesi, "Nitoe. Mwenye kiti amekuja."

Nesi Anjela alimsihi amalize kwanza. Mama akaanza kubandua plasta mwenyewe. Ikabidi wamrudishie damu yake na kusafisha mashine.

Watu huniuliza kama nilikataa. Sikukataa. Nilikuwa nakufa, nikakaa. Kiti kilikuwa bado kina joto lake.

Nesi Anjela aliniomba radhi kwa machozi, akahangaika na simu mpaka akampatia mama nafasi Arusha. Mama alifariki kabla siku yake haijafika. Muda wote huo barabara ya Dodoma ilikuwepo, na Sadock hakuirudia.

Wewe unayenisoma ukiwa kwenye mashine, au una mtu wako pale, kaangalie faili leo. Namba iwe yako. Daktari akiuliza, jibu kwa mdomo wako. Anayekusemea kila siku, ipo siku atakuzika ungali unapumua.

Mama tulimzika Mbulu. Sadock alilia kuliko wote. Alilikumbatia jeneza, akapiga kelele kwamba ingewezekana angempa mama yake hata roho. Watu wakamshika mabega wakimwonea huruma. Mimi nilisimama nyuma na Noela.

Roho hakuna aliyemwomba. Aliombwa figo moja.