Kijumba cha Wasioonekana

Dirisha la kile kijumba lilikuwa la rangi tu. Hallbera alilichora mwenyewe, pazia jekundu na vyote, kwa sababu ubao ulikuwa mgumu na subira yake fupi. Basi ilikuwaje asubuhi hiyo ya Januari pazia liwe limefunguliwa?

Alikichonga kwa mkono Desemba nzima, kimo chake hakizidi ndoo, akaliezeka paa kwa udongo wenye nyasi. Akakiweka nyuma ya nyumba, kando ya lile jiwe kubwa ambalo Aisilandi yote ingekuambia lina wenyewe, watu wasioonekana.

Mumewe, Ketill, alimcheka. "Majirani tu hawatutembelei, wewe unawajengea majini!"

Mkesha wa mwaka mpya Hallbera alishika mshumaa, akaanza kuizunguka nyumba kama alivyofundishwa na mama yake. "Waje wanaotaka kuja…" Papo hapo supu ya kondoo ikafurika jikoni, akakimbilia ndani. Maneno yaliyobaki akayasahau.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mgeni. Tangu siku ile nyumba ilinuka udongo mbichi. Una, binti yao mdogo, akawa anacheka peke yake chumbani, na viatu vilivyombana Krismasi sasa vinampwaya. Hallbera alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, penye alama ya kimo chake. Mtoto alikuwa amepungua.

Akamkimbilia bibi Gudlaug, mkunga wa zamani anayeyajua mambo hayo.

"Uliyasema yote?" bibi alinong'ona.

"Nusu, bibi."

"Masikini wee! Umewakaribisha, hukuwapa ruhusa ya kuondoka. Nenda kayamalize, kabla hawajamzoea mwanao."

Ilikuwa alasiri tu, na giza la Januari limeshatanda. Hallbera aliwasha mshumaa, akaizunguka nyumba huku meno yakigongana, na kila alipopiga hatua alisikia nyuma yake hatua nyingine, ndogondogo, nyingi, zikisimama anaposimama, na ile harufu ya udongo ikamjaa puani mpaka akahisi anazikwa mzima, hata akafika mlangoni na kuyatoa maneno kwa sauti isiyo yake: "Waende wanaotaka kwenda, bila kunidhuru mimi na wangu!"

Mlango ukafunguka wenyewe. Kitu kama kundi la kuku kikampita miguuni. Harufu ikakatika, na Hallbera akalia kwa furaha.

Ndipo Una akatoka, amevaa koti na glavu.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Umesema anayetaka aende. Mimi nataka, mama. Kwao kuna jua."

Alimdaka mkono, akavuta kwa nguvu zake zote. Glavu ikabaki kiganjani mwake, ingali na joto.

Ketill, aliyekuja mbio kwa mayowe ya mkewe, alitafuta uani kote, kisha akaenda kuchukua shoka. Alipolinyanyua, Hallbera alijitupa kwenye theluji, akakikumbatia kile kijumba.

"Usithubutu, Ketill! Mwanetu yumo ndani!"