Gundi Iliyotiwa Maji

"Hazipasuki."

"Zipe muda, pacha wangu. Rangi nayo ina maringo, kama bi harusi mwenyewe."

"Muda gani tena? Saa hizi zingekuwa zimeshafunguka. Angalia! Hii inateleza. Inateleza!"

Gundi aliinua lebo moja mbele ya dirisha. Rangi ya maziwa aliyoipaka juu ilijikunja kama ngozi ya uji, ikashuka taratibu, ikadondoka mezani. Akainua ya pili. Ikawa vilevile. Meza nzima ilikuwa imejaa lebo, vipande vya kadi ngumu vyenye tundu juu la kupitishia utepe, kimoja kwa kila kiti cha mgeni. Harusi ya dada yake ilikuwa Jumamosi.

Mtaa mzima ulimwita Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa safi. Kazi yake ilikuwa hiyo: kadi, rangi, vipande vya lesi, vifungo vya nguo kuukuu, vijikaratasi vya magazeti ya zamani. Kilichompa jina kwa watu, hata hivyo, kilikuwa nyufa zake. Alipaka rangi nyeusi chini, juu yake gundi nyeupe, na kabla gundi haijakauka akapitisha rangi ya maziwa. Gundi ikikauka huivuta ile rangi ya juu, nayo hupasuka kama ukuta wa nyumba ya kale, weusi ukachungulia katikati. Rangi ya juu alikuwa akiipiga mkupuo mmoja. Hakuruhusu mtu arudie brashi.

"Gundi ni nyepesi hii," alisema, akiisugua kati ya kidole na kidole. "Imetiwa maji. Nani alijaza chupa?"

"Mimi," akajibu Pacha. "Jana jioni. Nilimimina kopo lote likaisha, nikalitupa."

Pacha hakuwa pacha wake wa kuzaliwa. Walizaliwa wiki moja, nyumba zikitazamana, wakanyonyeshwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Watu wakazoea.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nini?"

"Una kinyongo tangu dada aliponichagua mimi kuwa msimamizi wake, akakuacha wewe. Ukasema hujali. Ukacheka. Nilijua kile kicheko si cha bure."

"Gundi! Mimi nimharibie dada harusi? Mimi?"

"Chupa ilishikwa na nani mwingine?"

Kwenye kona ya chumba kile cha nyuma alikuwepo mtu wa tatu. Alikuwa amesimama, brashi nyembamba mkononi, mchumba wa Gundi, kijana mchora mabango ya maduka. Wenzake walimwita Nukta, maana hakuweza kupita mbele ya bango lenye herufi iliyokosa nukta bila kusimama na kulalamika. Ndiye aliyepewa kazi ya kuandika majina kwenye lebo.

Pacha alimgeukia.

"Shem, niseme nini mimi? Niambie wewe."

Nukta akaiangalia brashi yake kama vile ndiyo iliyoulizwa.

"Mimi... sikuwepo jioni," alisema.

Ilikuwa kweli. Jioni hakuwepo. Alikuwepo mchana.

Pacha alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti.

"Sawa. Kuanzia leo usiniite Pacha. Niite jina nililopewa na mama yangu. Kama unalikumbuka."

Mlango haukubamizwa. Ungebamizwa, pengine Nukta angepata nafuu.

* * *

Siku iliyofuata Nukta alikuwa juu ya ngazi, akiandika bango la duka la viatu. Mwenye duka alitoka nje, akatazama juu, akajikuna kichwa.

"Fundi, hapo umeandika nini? 'Viatu vya watu wakubwa na wadogo' au 'waongo'?"

Nukta akatazama. Waongo. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi nzuri, zimenyooka kama askari.

"Samahani, bosi. Nafuta."

"Futa haraka, wateja wangu wasije wakadhani nimewatukana."

Alifuta, lakini mchana ule wa juzi haukufutika. Alikuwa peke yake chumbani, ametazama lebo ya majaribio aliyoiandika PACHA juu yake. Nyufa zilikuwa pana. Zilimkatia herufi A katikati, H ikabaki kama imegongwa na gari. Alikasirika. Yeye, ambaye mtaa mzima ulikuwa unasoma mkono wake, aonekane hajui kuandika mbele ya wageni wote wale? Alikuwa amemsikia Gundi akimfundisha Pacha: gundi nzito, nyufa pana, gundi nyepesi, nyufa nyembamba kama unywele. Basi akachukua kikombe cha maji, akaongeza kidogo kwenye kopo. Akakoroga. Akaona kidogo hakitoshi. Akaongeza tena. Moyoni alisema atamwambia jioni, watacheka.

Simu ililia mfukoni. Meseji ya Gundi:

"Bado naumia. Bora nina wewe. Wewe huwezi kunifanyia hivi."

Kabla hajavuta pumzi, ikaingia nyingine. Pacha.

"Shem, ongea naye tafadhali. Anakusikiliza wewe. Sijalala."

Akashuka ngazi. Akakaa chini ya bango lake mwenyewe. Akamwandikia Pacha neno moja, "Nitajaribu", na kidole kikamwasha kama alikuwa ameshika moto.

Hakujaribu. Alichofanya ni kwenda kununua kopo jipya la gundi, zito, la bei, akalipeleka kwa Gundi akihema kama mtu aliyekuja kuzima moto. Alidhani atatengeneza bila kusema.

Gundi akapaka. Wakasubiri. Rangi ikatetemeka, ikafunguka, mstari baada ya mstari, nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

"Unaona?" alisema, na machozi yakamtoka. "Mkono wangu ni uleule. Rangi ni ileile. Kilichobadilika ni gundi tu. Nilikuwa nimeanza kujilaumu, najiambia labda nimemwonea. Sasa nina uhakika. Ni yeye."

Nukta aliliangalia kopo lile jipya. Alilileta kumwokoa mtu. Limekuja kumfunga.

* * *

Ijumaa mchana lebo zote zilikuwa tayari, zimekauka, zimebandikwa lesi na vifungo. Nukta alikaa mezani akiandika majina. Mama yake Gundi alikuwa chumba cha mbele na cherehani yake, akimalizia gauni. Cherehani ilikuwa ikinguruma na kunyamaza.

"Leo huna maneno," Gundi alisema. "Umeshapita majina mangapi hujamsema mtu yeyote kuwa mzazi wake alikosea herufi?"

"Nimechoka kidogo."

"Mchumba wangu kuchoka kusahihisha watu! Nimwite daktari?"

Akacheka, naye Nukta akaendelea kuandika. Gundi akavuta droo, akatoa lebo moja, akaiweka mbele yake. Ilikuwa ile ya majaribio. Lesi pembeni, vifungo viwili, na katikati ya nyufa pana, PACHA.

"Hii nayo. Haji. Dada analia, lakini nimemwambia hiyo haiwezekani. Piga rangi juu, uandike jina la shangazi wa bwana harusi, maana tumepungukiwa."

"Gundi..."

"Piga tu. Mkupuo mmoja. Usiiangalie."

Nukta akachovya brashi. Akainyanyua. Tone la rangi ya maziwa likaning'inia kwenye ncha, likaanguka mezani, halikugusa lebo.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Maji. Niliyatia mimi. Kwenye kopo, mchana, kabla yeye hajajaza chupa. Nilitaka nyufa ziwe nyembamba. Zilikuwa zinanikatia herufi."

Huko mbele cherehani ilinyamaza.

"Rudia."

"Nilitia maji..."

"Siyo hapo. Mwisho."

"Zilikuwa zinanikatia herufi."

"Herufi," Gundi alisema polepole. "Mimi nimepoteza mtu niliyenyonya naye titi moja, kwa sababu ya herufi."

"Nilitaka kukwambia jioni ile, sikupita."

"Halafu?"

"Halafu ukawa umeshamshika yeye. Nikaogopa."

"Ulikuwa umesimama pale." Alinyoosha kidole kwenye kona. "Pale! Alikugeukia. Alikuomba. Ukasema hukuwepo jioni. Maji ningekusamehe saa ileile, ningekucheka mwaka mzima, ningewasimulia wanetu. Lakini ulisimama ukatazama nikimchinja mwenzangu, na brashi mkononi!"

Mama alikuwa mlangoni, sindano mdomoni. Akaitoa.

"Baba," alimwambia Nukta, naye alikuwa amezoea kumwita hivyo kwa upendo, leo upendo haukuwemo, "mimi nilikaribisha mchora mabango nyumbani kwangu. Kumbe nimekaribisha bango. Linasimama tu njiani, linatazama watu wanagongana."

"Nisamehe, mama."

"Si mimi niliyekosewa."

Gundi alikuwa ameshavua pete. Hakumtupia. Aliiweka mezani, juu ya tone lile la rangi.

"Nenda kwake. Kwa miguu yako, kwa mdomo wako. Siyo kwa meseji."

* * *

Pacha alikuwa akiuza mikate. Duka lilikuwa na foleni hadi mlangoni, na Nukta aliishika foleni kama watu wengine, maana hakujiona ana haki ya kumpita mtu.

"Karibu. Mingapi?" Pacha aliuliza bila kuinua macho.

"Sikuja kununua mkate."

Akainua macho.

"Ah. Shemeji. Umejaribu?"

"Ni mimi niliyetia maji kwenye gundi."

"Sijasikia."

"Ni mimi..."

"Sauti! Wale wa nyuma hawajasikia."

"Ni mimi niliyetia maji!" alipaza sauti, na uso ukamwaka hadi masikioni. "Ulisingiziwa wewe, nami nikanyamaza. Nilikuwa najua!"

"Kwenye mkate?" bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake akashtuka. "Umetia maji kwenye mkate?"

"Kwenye gundi, bibi."

"Mnatia gundi kwenye mkate?"

Foleni ikacheka. Hata Pacha midomo ilimcheza, lakini akaikaza.

"Wewe nakusamehe," alisema. "Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ni shemeji tu, nimekufahamu juzi. Sikutegemea mengi. Lakini yule? Yule ananijua tangu hatujaota meno. Na hakuniamini hata dakika moja."

"Hilo ni langu," sauti ilisema mlangoni.

Gundi alikuwa amesimama pale, vidole vimejaa gundi, hajabadilisha hata aproni. Watu walimpisha wenyewe.

"Nilikuja nyuma yake nihakikishe amefika. Nikasema nitasimama nje. Lakini hilo ni langu, siwezi kumwachia alibebe. Yeye alinyamaza. Mimi ndiye niliyesema."

"Uliniambia kicheko changu si cha bure."

"Nilisema."

"Nilicheka vile ili nisilie, mjinga wewe. Nilitaka kweli kuwa msimamizi."

"Najua. Hata wakati nasema, nilijua. Ndiyo maana nilijua pa kukuchoma."

Pacha aliufuta mkono kwenye aproni, akazunguka meza.

"Jina langu unalikumbuka?"

Gundi akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Pacha akasikiliza. Kisha wakashikana, na unga na gundi vikachanganyika mgongoni mwa kila mmoja.

"Niite Pacha," alisema. "Lile la mama limeshakuwa la kitambulisho tu."

"Jamani," bibi akasema, "mimi bado nasubiri mkate usio na gundi."

Nukta alitoka bila kuaga. Jioni alimwandikia Gundi: "Nisamehe." Baada ya kitambo akaandika tena: "Tafadhali nisamehe." Akaanza ya tatu. Jibu likaingia kabla hajamaliza:

"Mara moja inatosha. Ukirudia brashi, unaharibu."

* * *

Jumamosi alikwenda harusini kwa sababu dada yake Gundi alimpigia simu mwenyewe, akasema asipokuja atamvunja miguu yote miwili. Alivaa shati jeupe. Kalamu yake ya wino mweusi ilikuwa mfukoni kama kawaida. Alipita kati ya viti akisoma mkono wake mwenyewe kwenye kila lebo, jina baada ya jina, nyufa zimepita ndani ya kila herufi. Lebo ya PACHA ilikuwa mstari wa mbele, na Pacha mwenyewe alikuwa pembeni ya bi harusi, msimamizi wa pili, amevaa gauni lililokatwa kutoka kitambaa kilekile, mshono wake bado wa moto.

Kiti chake kilikuwa cha mwisho kabisa, karibu na ukuta. Kilikuwa na lebo ambayo hakuiandika yeye. Nyufa zake zilikuwa pana kiasi cha kuingiza ukucha. Maandishi yalikuwa ya mkono wa Pacha, yamelala upande, yamekatwakatwa vipande:

shemeȷi

Nukta aliitazama. Ile j haikuwa na nukta.

Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, ukagusa kalamu. Akaurudisha. Akakaa. Akaipokea lebo mapajani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe, na muda wote wa viapo, muda wote wa picha, aliishika vile, bila kuigusa kwa wino.

Watu walipoanza kusimama, kivuli kikamwangukia.

"Hujaona kosa?" Gundi aliuliza.

"Nimeliona tangu nilipofika."

"Mbona hujasahihisha? Kalamu unayo. Nimekuona ukiishika, na Pacha kakuona. Tulibishana. Yeye kasema huwezi kuvumilia mpaka pete zivishwe."

"Na wewe?"

"Mimi sikutaka kuamini chochote. Nilikuwa naangalia tu."

"Lebo si yangu," Nukta alisema. "Na nyufa si zangu. Nimezisoma hivyohivyo. Zinasomeka."

Gundi alikaa kiti cha jirani. Nukta aliona, kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia wa Gundi, kidole ambacho si cha uchumba, ile pete aliyoivua. Ilikuwa bado na alama ya rangi ya maziwa.

"Usichangamke," alisema, akiona macho ya Nukta yalipoangalia. "Iko hapo isipotee. Hiki kidole ni cha kusubiri. Gundi ikikauka vizuri ndiyo tutaona rangi imepasuka vipi."

"Nitasubiri."

"Siku nyingine mtu akikugeukia akuulize mbele yangu?"

"Nitasema. Hata nikiwa nimeshika brashi."

"Hata herufi zako zikikatika?"

"Hata zikikatika zote."

Gundi akamtazama sana. Kisha akaichomoa kalamu kutoka mfukoni mwa shati la Nukta, akaifungua kwa meno, akainama juu ya lebo iliyokuwa mapajani mwake. Akaweka nukta juu ya j, ndogo, nyeusi, mkupuo mmoja.

Hakurudia.