Simu ya Siku ya Thelathini

Harufu ilianza Jumatatu saa nne asubuhi, katika chumba ambamo hakikuwahi kuingia kidonda hata kimoja. Kilikuwa chumba cha makaratasi. Zamani yaliwekwa humo mashuka ya wodi ya wanawake, kisha hospitali ikaugawia utafiti wa Daktari Theuri, na humo Nekoye alikaa na meza yake, makabati mawili ya fomu, viti viwili vya plastiki na simu ya kupigia wagonjwa. Hospitali yenyewe siitaji. Watu wa Nyeri wana midomo.

Shiro, aliyesafisha upande huo wa jengo, alisimama mlangoni ameshika pua.

"Nekoye, hii ofisi yako iko na harufu. Ati umeweka nini hapa?"

"Labda panya amekufa nyuma ya kabati."

"Panya hainuki hivyo. Mimi nimeosha wodi miaka tisa. Hiyo ni kidonda."

Walivuta makabati yote mawili wakakuta vumbi na kifuniko cha kalamu. Ilipofika saa nne na nusu harufu ilikuwa imekwisha, ikabaki ile ya dawa ya sakafu. Shiro alicheka akasema labda ni pua yake inazeeka. Jumanne, saa nne kamili, harufu ikarudi, na safari hii Shiro hakucheka.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Mwanamke akikatwa titi kwa sababu ya saratani, huwekewa mrija mwembamba wa kutoa maji kwenye kidonda. Daktari Theuri alitaka kujua kama mrija ukitolewa mapema kidonda kitapona vilevile, au kitaingia usaha. Wanawake mia mbili walikubali kushiriki. Kila mmoja alipewa nambari, na siku ya thelathini baada ya upasuaji Nekoye alimpigia simu na kumsomea maswali ya kwenye fomu. Theuri alipenda kusema kwamba bila simu hiyo wao ni watu wa kukata tu.

Nekoye alitoka Bungoma, alipanga chumba mtaa wa Skuta, na alikuwa mfanyakazi mzuri. Nalisema mapema kwa sababu muda si mrefu mtaanza kumchukia, na mimi sitaki mumchukie haraka.

Jumatano harufu ilipoingia, simu ililia. Kwenye kioo paliandikwa: 117, Nanyuki.

Mia moja kumi na saba alikuwa Mama Marwo, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi. Nekoye alimkumbuka kuliko wagonjwa wote. Alikuja kutolewa nyuzi siku ya kumi na nne, kichwa kitupu chini ya shela kwa sababu ya dawa za saratani, akanyoosha mkono akashika nywele za Nekoye. "Hooyo," alisema, maana mama wa Kisomali humwita mtoto wake kwa jina hilo hilo ambalo mtoto humwita yeye, "hii nywele mzuri hivi, mbona unaiacha ovyo? Suka. Yangu imeisha. Wewe suka na ya kwangu."

Nekoye alicheka, akamfunga bendeji, akamwambia, "Siku ya thelathini, saa nne asubuhi, nitakupigia. Simu iwe karibu."

"Nitangoja," Marwo alisema.

Siku ya thelathini iliangukia Ijumaa. Nekoye alikuwa na wagonjwa sita wa kupigia, na saa tano alikuwa na miadi kwa msusi pale Skuta. Alipiga simu tano. Ya sita ilikuwa ya Marwo. Alitazama saa, akamkumbuka yule mama alivyokuwa akicheka, mzima kabisa, akachukua kalamu akaweka alama: kidonda kimefunga, hakuna usaha, hakuna harufu, hakuna homa. Akatia sahihi. Alijiambia atampigia Jumatatu, walau amsalimie. Jumatatu ikaja na fomu zake.

Sasa, mwezi mmoja baadaye, nambari hiyo ilikuwa ikilia mezani. Alichokisikia Nekoye kwanza kilikuwa aibu, si hofu. Akapokea.

"Hooyo." Sauti ilikuwa ya chini, na nyuma yake mbuzi walilia. "Mimi nangoja. Ulisema saa nne."

"Mama Marwo. Pole sana. Uko aje?"

"Inatoa maji."

"Kidonda? Tangu lini?"

"Niulize vizuri. Niulize vile ya karatasi."

Kulikuwa na jambo katika ile sauti. Haikuvuta pumzi. Nekoye alikata simu, na alipoinua macho aliona kiti cha wageni kimelowa, maji ya manjano yametuama pale mtu anapokalia, yakaanza kudondoka sakafuni tone moja moja.

Alhamisi aliizima simu kabla ya saa nne na kuifungia kabatini. Ililia humo humo ndani. Aliipokea kwa sababu Shiro alikuwa koridoni na hakutaka aisikie.

"Uko wapi, mama?" alinong'ona.

"Niko hapa. Nimekaa."

Hakukitazama kiti. Jioni alikaa kitandani kwake Skuta akafumua misuko yote, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu harufu ilikuwa imeingia ndani yake na haikutoka hata kwa sabuni.

Ijumaa alitafuta kwenye fomu nambari ya ndugu wa mgonjwa, akampigia Yahye, mume wa Marwo.

"Marwo tulizika," Yahye alisema. "Wiki nne na siku moja."

Nekoye alishika ukingo wa meza.

"Kidonda ilioza, dada. Mimi nilimwambia twende hospitali. Akakataa. Alisema yule msichana wa Nyeri atapiga, yeye ndiye anajua kidonda yangu, nikienda kwa wengine nitaharibu kitabu yao. Alikaa dirishani na simu siku sita. Akienda choo anaenda nayo. Siku ya saba hakuamka."

"Na simu yake iko wapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Iko wapi, baba?"

"Tulifungia kwa sanduku Jumapili. Haina moto, chaji iliisha." Kisha akasema polepole, "Njoo Nanyuki, dada. Hii si maneno ya simu."

Jumamosi alifika Nanyuki kabla ya saa nne, ameibeba fomu ya 117 na simu ya utafiti ndani ya mkoba. Mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo, weupe wa barafu juu kabisa, na uani mbuzi walikuwa wakilishwa kama siku nyingine yoyote. Yahye alikuwa mwanamume mrefu aliyekonda ghafla, shati lilimpwaya. Alimkaribisha sebuleni, ambako Maalim Roble, mzee aliyewasomesha watoto wa mtaa huo Kurani, alikuwa ameketi na birika la chai ambayo hakuna aliyeinywa. Karibu na dirisha palikuwa na mto mmoja sakafuni, katikati yake pamebonyea.

"Anayekuja si Marwo," Maalim alisema. "Marwo amekwenda kwa Mola wake, harudi. Lakini kila binadamu huzaliwa na mwenzake wa kijini, wanakua pamoja. Mtu akifa, mwenzake anaachwa. Huyu aliachwa pale kwa dirisha akingoja simu, na sauti ya Marwo ndiyo sauti pekee anajua."

"Humwezi?" Nekoye aliuliza.

"Nilimsomea siku tatu. Ni Mwislamu, anasikiliza kwa heshima. Nikimaliza anasema hawezi kuondoka, ana miadi." Maalim alijipangusa macho. "Nikamwambia Yahye, ficha simu, akose kitu ya kungoja. Jini akatoka. Tukashukuru. Hatukujua amekuja kwako."

Kwenye kona palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika mbili. Nekoye alitoa fomu na kalamu, akailaza karatasi juu ya goti. Alijua anachotakiwa kufanya. Alijua pia kwamba Yahye atasikia kila neno, na kwamba baada ya leo hakuna mtu katika nyumba hii atakayemwita dada.

Akapiga.

Ndani ya sanduku lililofungwa, simu isiyokuwa na moto ililia mara moja, ikapokewa, na harufu ikaingia dirishani pamoja na jua la asubuhi, nzito, tamu, ile harufu ambayo Shiro aliijua tangu siku ya kwanza, ikapanda kwenye mapazia na kwenye chai na kwenye shela nyeusi iliyokuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango, na kule uani mbuzi wote wakanyamaza kwa pamoja, na ule mto wa dirishani ukabonyea zaidi, polepole, kama unavyobonyea mama mgonjwa anapojishusha kuketi, na maji ya manjano yakaanza kujitokeza kwenye kitambaa.

"Hooyo," ilisema sauti, na Yahye akafunika uso kwa viganja.

"Mama Marwo, ni Nekoye wa utafiti. Naomba nikuulize maswali machache."

"Uliza."

"Kidonda kimefunga?"

"Ilifunga. Siku ya ishirini na saba ikafunguka."

Nekoye alifuta alama yake ya zamani kwa mstari mmoja, akaandika. "Kinatoa usaha?"

"Inatoa. Nilibadilisha kitambaa mara nne kwa siku. Yahye alinifulia."

"Kina harufu?"

"Nilimwambia Yahye alale chumba ingine."

Yahye alitoa sauti ambayo Nekoye hakuwahi kuisikia kwa mwanamume. Aliendelea kusoma kwa sababu angesita asingeweza kuanza tena. Akauliza juu ya homa, akaambiwa ilianza usiku wa siku ya thelathini na moja. Akauliza, "Ulitafuta matibabu kwingine?"

"Hapana. Ulisema utapiga."

Wino ulikuwa umechanganyika na machozi na maneno hayakusomeka vizuri. Yahye aliondoa viganja usoni.

"Siku ya thelathini," alimwambia Nekoye taratibu, "simu ilikuwa na shida? Mtandao?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Mtandao wa Nanyuki kila mtu anaujua, na yule baba alikuwa akimpa mlango wa kutokea.

"Haikuwa na shida. Sikupiga. Niliandika amepona, nikaenda kusuka nywele."

Maalim alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake ikisoma bila sauti. Maji yalitoka kwenye mto yakatambaa sakafuni mpaka karibu na viatu vya Nekoye, naye hakuviondoa. Alifikiri, sasa atanichukua, na aliona ni haki.

"Zilipendeza, hooyo?" sauti iliuliza.

"Zilipendeza, mama."

"Basi."

Nekoye akalia, akaitazama karatasi asiione, na mdomo wake, uliokwisha kuwasomea wanawake zaidi ya mia fomu ile ile, ukaendelea wenyewe mpaka mstari wa chini kabisa: "Asante kwa kushiriki. Tutakupigia tena siku ya tisini, saa nne asubuhi."

"Nitangoja," sauti ikasema.

Mto ukainuka. Harufu ikatoka kama ilivyoingia, na uani mbuzi mmoja akalia, kisha wote.

"Nani amekutuma kumpa siku ingine?" Maalim alinong'ona. "Tulikuwa tumemaliza."

"Ni... imeandikwa hapa," Nekoye alisema, akionyesha kwa kidole.

Mzee alitikisa kichwa. "Nisikilize, binti. Ukimpa siku, atakuja. Hiyo siku ikifika, usimpe ingine. Mwambie kwaheri, aende."

Yahye alifungua mlango wa nje akasimama kando yake, hakumtazama. "Nenda, tafadhali," alisema.

Jumatatu Nekoye aliiweka fomu mezani kwa Daktari Theuri na kumweleza, isipokuwa yale ambayo daktari asingeyaamini. Theuri alisoma, akavua miwani.

"Ripoti iko tayari," alisema. "Nimeandika kwa wale waliotolewa mrija mapema hakuna hata mmoja aliyeingia usaha. Kuna wengine hukupigia?"

"Hakuna, daktari. Ni huyu tu."

"Nitajuaje?"

Theuri alimwachisha kazi siku hiyo, akaketi mwenyewe katika chumba cha makaratasi na ile simu, akaanza kuwapigia upya wote mia mbili, kuanzia nambari ya kwanza. Shiro anasema alimkuta akilia alipofika mia moja kumi na sita, kwa sababu aliyefuata hakuwa wa kupigiwa.

Siku ya tisini ilikuwa Jumanne. Jana yake Nekoye alikuwa amekaa kwa msusi mchana kutwa, akasukwa misuko midogo midogo, ile inayochosha mikono. Asubuhi alipiga deki chumba chake cha Skuta, akaweka kiti karibu na dirisha, akatandika shela safi juu yake. Simu ya utafiti hakuwa nayo tena. Hakuihitaji.

Saa nne kamili shela ilibonyea katikati na kuanza kulowa. Nekoye alivuta kigoda akaketi karibu kabisa, bila kufunika pua.

"Mama," alisema, "kidonda kiko aje?"

Aliuliza maswali yote, na yote yalijibiwa. Lakini fomu ya siku ya tisini nayo ina mstari wake wa chini, unaotoa ahadi ya kuongea tena baada ya mwaka mmoja. Nekoye aliukumbuka mstari huo neno kwa neno, na aliyakumbuka pia maneno ya Maalim. Alifikiri juu ya mama aliyekaa dirishani siku sita. Kisha akainama karibu na kile kiti, na kwa hiari yake akausema mstari ule wa ahadi.