Tembe ya Kulala Mchana

Makame ndiye aliyenipeleka, na mpaka leo nikilitaja jina lake mate yananikauka.

Zilikuwa siku za Mjerumani, reli ikiwa bado haijafika Dodoma. Sisi wachuuzi tulipeleka chumvi kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde. Tulitembea usiku kulikwepa jua la Ugogo, mchana tukalala. Njiani zilikuwapo nyumba za kupumzikia: unampa mwenyeji konzi ya chumvi, unapata kivuli, maji ya kunawa na jamvi. Jioni unaondoka.

Safari ile mimi na mchuuzi mwenzangu Makame tulianza kwa kuchanjiana udugu. Makame mwenyewe ndiye aliyetaka. Tulichanjana kifuani, kila mmoja akala kipande cha ini la mbuzi kilichopakwa damu ya mwenzake. Nilifurahi mno. Sikuwa na ndugu mwingine duniani.

Tulipopita Buigiri akanionyesha tembe moja iliyojitenga, mlango wake wa kuinama. Mwenyeji alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Lala, Mrisho," Makame aliniambia. "Nitakuamsha jua likipinda."

"Na umwamshe kweli," mwanamke akanong'ona. "Hapa mtu huamshwa na aliyekuja naye. Mimi simwamshi mtu."

Nikacheka. Makame hakucheka.

Ndani walikuwamo wapita njia wengine, wamejifunika gubigubi kando ya ukuta. Nikasema kimoyomoyo, hawa wamechoka kweli. Nikalala.

Kilichoniamsha ni harufu... Udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi. Mwanga wa mlangoni ulikuwa mwekundu. Jua lilikuwa linazama, na jamvi la Makame lilikuwa tupu. Mzigo wake haukuwapo. Wangu pia haukuwapo.

Nilitaka kuinuka. Miguu ikakataa.

"Makame..."

Nikamgusa aliyelala karibu yangu ili anisaidie. Shuka ikadidimia chini ya kiganja changu. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na udongo tu, wa vuguvugu.

Kisha ule udongo ukavuta pumzi.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa mlangoni. "Usimwite," alinong'ona. "Safari yake iliyopita alipitiwa na usingizi humu mpaka jua likazama. Alilia sana. Nikamwachia aende, akaahidi kuniletea damu yake." Akanitazama kifuani. "Ndiyo wewe."

Uchungu ulionipata hauelezeki. Kufa niliogopa, lakini kilichoniuma zaidi ni lile ini. Alilitafuna akinitazama machoni, naye anajua.

Hasira ikanipa nguvu. Miguu ilikuwa imekufa, ila mikono ilikuwa bado yangu. Nikachomoa kisu kiunoni, nikaifumua ile chale.

"Uliahidiwa damu yake," nikamwambia. "Niliila kwenye ini. Hii hapa. Yangu niachie."

Damu ikadondoka sakafuni. Sakafu ikainywa... nikasikia ikimeza. Mwanamke akainama, akanusa, akasogea pembeni. Nikatambaa nje kwa tumbo, jua limebaki kipande tu. Huko nje miguu ikanirudia.

Nilimkuta Makame mbele njiani, kwenye kambi ya wachuuzi, anasonga ugali. Aliponiona mwiko ukamponyoka. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Umetokaje?" alinong'ona.

Tangu siku ile, kila adhuhuri Makame hushikwa na usingizi mzito, na pumzi yake hunuka udongo mbichi. Hakuna awezaye kumwamsha isipokuwa mimi. Watu hunisifu, wanasema nina moyo wa kusamehe. Sijasamehe. Namchukia kupita kiasi. Lakini kila siku jua likipinda naacha shughuli zangu nakwenda kumtikisa, kwa sababu damu niliyoimwaga kule ilikuwa yake. Yangu bado imo mwilini mwake, na jua likimzamia amelala, udongo utainywa na hiyo.