Taa ya Kushoto

Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine ulikuwa na soksi tupu, imetoboka kidoleni. Inspekta aliinama mlangoni mwa banda, akaitazama miguu hiyo ikichungulia chini ya bampa la mbele, akabana pumzi. Palinuka petroli, vumbi na damu.

"Jeki imeteleza, afande," alisema Koplo. "Mzee alikuwa anafunga taa mpya, gari likamwangukia. Ajali tu."

Gari lilikuwa jeusi, la zamani, lenye mabega ya mviringo na taa mbili za duara. Mwenyewe alikuwa dereva mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kromu, kwa kuwa alilisugua mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama kwenye bampa lake. Sasa mahali pa taa za zamani palikaa taa za LED, nyeupe, ngeni, kama meno ya bandia kinywani mwa kikongwe. Boksi lake lilikuwa juu ya meza ya kazi, tupu.

"Koplo, ukibadilisha taa ya mbele, unalala chini ya gari?"

Koplo alifikiri. "Hapana. Unasimama mbele yake. Unatoa pete, unatoa skrubu, unavuta taa."

"Basi huyu alifuata nini huko chini?"

Inspekta alikuta kiatu cha pili kando ya meza, hatua sita kutoka kwenye miguu. Aliichunguza sakafu palipolala jeki. Saruji haikuwa na hata mkwaruzo mmoja. Jeki yenyewe ilikuwa safi mno, imepanguswa mpaka mpini.

Nje alisimama mtoto wa pekee wa marehemu, shati jeupe limenyooshwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Watu walimwita Mwalimu. Alikuwa na shule ya udereva, na kila gari lake lilikuwa na maandishi mekundu ubavuni: MIAKA KUMI NA MIWILI BILA AJALI.

"Ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha," Koplo alinong'ona kwa fahari.

"Ndiyo maana unapanda ukingo wa barabara," Inspekta alimjibu, akatoka nje.

"Pole na kazi, afande," Mwalimu alimwahi. "Mzee wangu nilimkataza. Nilimwambia, baba, taa hizi nimekununulia kwa mapenzi yangu, subiri nikuletee fundi. Lakini alitolewa mtoto wa jicho, majuzi tu ndiyo ameona tena, basi akajiona kijana."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kiwanjani na wanafunzi. Sijakanyaga hapa tangu jana mchana."

"Nani alimkuta?"

"Mama. Alikwenda sokoni saa tatu, aliporudi saa tano ndiyo akayakuta haya." Alipangusa jicho lililokuwa kavu. Kisha akasogea karibu na kuteremsha sauti. "Zile taa za zamani, mmezichukua? Ningependa kubaki nazo. Kumbukumbu ya mzee."

Swali hilo lilimkwama Inspekta kooni kama mwiba wa samaki. Baba hajafunikwa hata shuka, mtoto anauliza taa.

Alirudi ndani kuzitafuta. Mzee Kromu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Rafu yake ilijaa vipuri vichakavu, kila kimoja kimefungwa gazetini na kuandikwa kwa mkono. Taa ya kulia ilikuwepo, imeandikwa jana yake, Ijumaa. Ya kushoto haikuwepo. Na magazeti kadhaa yalikuwa yamepasuliwa ovyo, kama kwamba mtu aliipekua rafu kwa haraka.

*

Ukuta kwa ukuta na banda aliishi fundi umeme wa magari, mama mnene mwenye koleo kiunoni, jina lake la kazi Cheche. Alikuja akilia, na kilio hakikumzuia kusema.

"Mwanangu Inspekta, rafiki yangu hakufunga taa hizi."

"Umejuaje, mama?"

"Njoo nikuonyeshe." Aliunga waya wa betri uliokuwa umefunguliwa, akawasha swichi. Taa ndogo za pembeni ziliwaka. Zile za LED zilibaki kiza. "Unaona? Magari ya siku hizi, hasi ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi ya gari. Hili ni la kale, mambo yake kinyume: chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Balbu ya zamani haina makuu, umeme uingie mbele, uingie nyuma, yenyewe inawaka. LED ina maringo. Ukiipindua, haikujui."

"Na aliyefunga amefuata rangi za waya."

"Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kama mtoto anayepaka rangi kitabuni! Mzee Kromu ameishi na gari hili miaka thelathini na sita. Soma hapo kwenye mfuniko wa betri."

Inspekta alisoma. Herufi nene za rangi nyeupe: CHANYA KWENYE BODI.

"Ijumaa jioni alikuja kwangu na boksi hili, halijafunguliwa," Cheche aliendelea. "Nikamweleza ageuze nyaya, na taa asiziache ziguse bodi, azivalishe mpira. Akaenda kukata mpira wa baiskeli." Alinyoosha kidole mezani. Pete mbili za mpira zilikuwa hapo, zimekatwa vizuri kwa mkasi, hazijatumika. Cheche alipoziona, akaketi chini, koleo likagonga saruji. "Masikini ya Mungu. Yeye na usafi wake wa kazi."

Inspekta aliamuru nyaya zitolewe kwa uangalifu. Zilikuwa zimezungushiwa utepe mweusi wa kunata. Aliyefunga alipangusa jeki, meza, hata kitasa cha mlango. Upande wa ndani wa utepe hakuukumbuka. Humo ilikuwemo alama ya dole gumba, imetulia kama muhuri.

*

Jumapili, daktari mpasuaji alivua glavu mbele ya sinki na hakumtazama Inspekta usoni.

"Jeraha la kisogoni ni la kitu cha chuma. Mpini wa jeki unatosha. Lakini halikumuua. Kifua kimebanwa taratibu, si kwa kishindo. Ndani amevuja damu nyingi sana."

"Maana yake?"

"Maana yake aliteremshiwa gari akiwa hai."

Inspekta alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameona maiti nyingi, na siku zote alirudi nyumbani akala chakula chake. Siku hiyo hakula.

Alikwenda msibani. Wanawake waliketi kwenye mikeka, mjane katikati yao, mdogo kama mtoto ndani ya kanga yake. Kutoka chumbani zilisikika droo zikifunguliwa na kufungwa.

"Ni mwanangu," mjane alisema. "Tangu jana anatafuta taa ya baba yake. Nimemwambia sijui."

"Na kweli hujui, mama?"

Mjane alimshika mkono, akamwongoza mpaka jikoni, akafunga mlango. Alitoa furushi la gazeti kutoka ndani ya sufuria kubwa.

"Alinipa Ijumaa usiku. Akasema, 'Nifichie hii, Jumatatu nitakwenda nayo kituoni. Mwalimu nimempa hadi Jumatatu, twende pamoja.' Nikamuuliza kuna nini, akasema, 'Mke wangu, afadhali wangeniacha na upofu wangu.'"

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilikuwa na mtoto mmoja, afande," alisema mjane. "Nilitaka nibaki naye siku moja zaidi."

Inspekta alifungua gazeti. Kioo cha taa kilikuwa kimepasuka, na pembeni palimeguka kipande cha ukubwa wa kiganja. Ndani ya pete ya kromu zilinasa nyuzi chache za kitambaa cha manjano. Pamoja nazo, nywele mbili ndefu zilizosukwa. Damu iliyokauka ilizigandisha.

Nyuzi zile alizijua. Miezi mitatu iliyopita, msichana mshonaji wa miaka kumi na tisa aligongwa saa ya magharibi akitoka kazini, kilemba cha manjano kichwani, akafia barabarani. Shahidi aliona taa mbili hafifu zikiondoka, basi. Polisi walipita gereji zote. Hawakupita kwenye banda la mzee aliyelala hospitali, macho yamefungwa bandeji. Barabarani vilipatikana vipande vitatu vidogo vya kioo, navyo vilikaa kwenye bahasha, dawatini kwa Inspekta.

Na kila Jumatatu, kabla ya kwenda kufua, mama wa msichana yule, dobi wa hospitali, alipita kituoni. Alikuwa na maneno yale yale. "Labda hakujua kwamba amegonga mtu. Labda alidhani ni mbwa. Angejua, angesimama, au sivyo?" Inspekta alikuwa akimjibu, "Labda, mama."

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Mwalimu aliketi chumba cha mahojiano. Aliomba chai. Alionja, akakunja uso.

"Haina sukari ya kutosha."

"Jumamosi ulikuwa kiwanjani?"

"Nimeshasema."

"Wanafunzi wako wanasema uliwaachia gari wazunguke wenyewe saa nzima na nusu."

"Nilikwenda kujisaidia."

"Saa nzima na nusu?"

"Tumbo halina adabu, afande."

Koplo, kwenye kona na daftari, aliinamisha kichwa.

"Tangu Ijumaa mchana hukufika bandani."

"Sikufika."

"Ijumaa jioni boksi la taa lilikuwa halijafunguliwa. Yupo aliyeliona. Jumamosi taa zimefungwa, na ndani ya utepe kuna alama ya dole gumba lako. Ilifikaje?"

Mwalimu alikizungusha kikombe.

"Na hata hazikuwaka," Inspekta aliongeza. "Umezifunga kinyume. Kwenye mfuniko wa betri pameandikwa kwa herufi za kusomwa na kipofu. Umekulia ndani ya gari hilo, hukuwahi hata kulisoma."

Aliweka taa ya kushoto mezani. Akafungua bahasha, akapanga vipande vitatu pembeni ya kioo kilichomeguka. Kimoja baada ya kingine viliingia mahali pake, mstari kwa mstari. Mwalimu alivitazama, kisha akafanya jambo ambalo Inspekta hakulisahau maisha yake yote: alisogeza chai yake kando ili isimwagikie shati.

"Nilikuwa nimebeba maharusi siku ile kwa gari la mzee," alisema. "Nilishawafikisha. Nilikuwa narudi peke yangu. Taa za mzee zilikuwa hafifu, mnajua wenyewe, kama mishumaa. Akatokea ghafla."

"Ulisimama?"

"Mimi ni mwalimu wa udereva. Nilisimama."

"Alikuwa hai?"

"Aliniita kaka. Akasema, 'Kaka, niinue.'"

"Ukafanya nini?"

"Niliokota vioo."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Andika," Inspekta alimwambia. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba cha pili.

"Kulikuwa na giza," Mwalimu aliendelea, sasa maneno yakimtoka mbio, kama mtu anayetapika. "Sikuviona vyote. Mzee alikuwa hospitali, haoni. Nikanunua za LED, nikamwambia ni zawadi, nitakufungia kabla hujatoka. Akasema hakuna mtu kugusa gari lake mpaka atakapoona mwenyewe. Kama vile alijua! Ijumaa akaitoa ya kushoto kwa mkono wake. Akaniita. Akanionyesha zile nywele. Akalia. Akasema, 'Nakupa hadi Jumatatu. Twende wote, nitakushika mkono.'"

"Baba yako alitaka kukushika mkono."

"Alitaka kuniua! Miaka kumi na miwili, afande. Mji mzima unajua. Magari saba yana maandishi yale. Ningeyafuta vipi? Ningewaambia watu nini?"

"Kwa hiyo ni maandishi."

"Ni jina langu."

"Ulipofungua jeki, alikuwa anapumua."

"Alikuwa anakoroma." Aliitazama meza. "Niliwasha redio."

Inspekta alisimama. La kuvunda halina ubani, alikuwa akisema marehemu bibi yake, na hapa palikuwa na mtu mwenye shati la pasi, kalamu mbili, manukato shingoni, na uvundo wake ulikijaza chumba kizima.

"Mfunge pingu, Koplo."

Koplo alifunga. Alipomaliza, aliipangusa mikono yake kwenye suruali.

*

Inspekta alinawa kwa sabuni mara mbili. Alipotoka koridoni, dobi alikuwa kwenye benchi lile lile, kikapu miguuni. Aliinuka.

"Koplo kanipita hapa, macho mekundu. Amepatikana?"

"Amepatikana, mama."

"Alhamdulillahi." Kisha akauliza lile aliloliuliza kila Jumatatu. "Hakujua, au sivyo? Hakusimama kwa sababu hakujua."

Inspekta alikuwa na uongo mwororo, tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini mahakama ingemwambia mama huyu kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Aliketi naye benchini, akaishika mikono ile iliyopasuka kwa sabuni na dawa.

"Alisimama, mama," alisema. Na akamweleza yote, polepole: jinsi mwanawe alivyoita, na kile ambacho yule mtu alikiokota.

Dobi alisikiliza mpaka mwisho bila chozi. Kisha aliitoa mikono yake taratibu, akaigeuza viganja juu, akaitazama.

"Miaka ishirini nafua mashuka ya hospitali," alisema. "Damu nimeitoa. Usaha nimeutoa. Kila uchafu unaoujua wewe na usioujua nimeutoa."

Alichukua kikapu chake, akakiweka kichwani.

"Huo hautoki, mwanangu."